Pac-Man kwenye Skrini Mbili

Bodi ya Pac-Man ilitengenezwa ilishe skrini moja tu. Mwaka 1980, Namco ya Japani ilipoitoa gemu hii na Midway kuisambaza Marekani, mchezaji alisimama mbele ya kabati na watazamaji wakamchungulia begani. Leo wenye makabati hayo wanataka skrini ya pili juu, ili wanaongoja zamu nao waone. Kazi ninayoichambua hapa ni ya namna hiyo: kabati la Midway lenye monita yake ya inchi 19, Electrohome G07, na juu yake Commodore 1084, monita ya tyubu iliyoanza kuuzwa mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Amiga.

Kwa nini si TV bapa? Si kwa sababu ya kuchelewa kwa picha, maana mtazamaji hajali picha ikichelewa kidogo. Sababu ni macho. Skrini mbili zikikaa karibu, moja ya tyubu na nyingine bapa, kila mtu ataona kwamba moja si ya pale.

Tuanze na kasi, maana hapo ndipo monita nyingi hukataliwa mlangoni. Kristali ya bodi hii hupiga mara milioni 18.432 kwa sekunde. Gawa kwa 3, unapata nukta milioni 6.144 kwa sekunde. Mstari mmoja huchukua nafasi ya nukta 384, kwa hiyo huchorwa mistari 16,000 kila sekunde. Na kwa kuwa fremu moja ina mistari 264, picha hubadilika mara 60.6 kwa sekunde. Monita za kompyuta za VGA huanzia mistari 31,000 na ushei, basi hazifai. TV za PAL, zile zile tulizozizoea Afrika Mashariki, huchora 15,625. Kutoka hapo hadi 16,000 ni asilimia 2.4 tu, na monita ya jamii hiyo huivuka tofauti hiyo kwa kurekebisha kidude cha kushika picha kwa ulalo. Kisiporekebishwa, picha hulala upande na kukatika vipande.

Kigumu ni nguvu ya ishara. Rangi za Pac-Man zinatoka kwenye resista za kawaida kabisa: nyekundu ina tatu, za omu 220, 470 na 1,000, kijani vivyo hivyo, bluu ina mbili, 220 na 470. Nyekundu ikiwaka yote, resista zake tatu kwa pamoja ni kama moja ya omu 130. Sasa 1084 ina mzigo wa omu 75 kwenye kila rangi, tena inataka volti 0.7 tu. Ukiunga waya moja kwa moja, mzigo huo ni mzito kuliko chanzo chenyewe: ishara inaporomoka na picha ya G07 inafifia mbele ya mchezaji aliyelipa sarafu yake. Wapo wanaofanya hivyo, kisha wanafungua kidude cha mwanga hadi mwisho na kusema imekubali. Haijakubali. Ni jirani kakuunganishia bomba lake kwenye tangi lako.

Dawa ni kuionja ishara bila kuinywa. Pima kwanza kwa osiloskopu kilele cha kila rangi huku G07 ikiwa imeunganishwa. Tuseme ni volti 3. Resista ya omu 3,300 ikifuatiwa na ya 1,000 kwenda ardhi inakupa karibu 0.7, na mzigo wote ni omu 4,300, unaopunguza ishara kwa takriban asilimia 3. Jicho halioni hilo. Kutoka hapo ishara inaingia kwenye amplifaya ya video. Chipu ya THS7374 inatosha, kwa kuwa ina njia nne na huzidisha mara mbili. Inatoa volti 1.4, inapita resista ya omu 75, nusu inabaki hapo na nusu inafika kwenye monita. Ishara ya kulinganisha mistari haihitaji amplifaya hiyo. Kipande kimoja cha 74HCT125 kinatosha kuipokea na kuipeleka bila kuielemea bodi.

Kabla ya waya wowote kuungwa, kuna jambo la uhai. Chasisi ya G07 haina transfoma yake ya kutenga umeme. Kinachoitenga na umeme wa ukutani ni transfoma iliyo chini ya kabati, na mashine yenye miaka zaidi ya 40 imepita mikononi mwa mafundi wengi. Si ajabu kukuta mmoja wao aliiruka ilipoungua. Ikiwa hivyo, ardhi ya ishara ina umeme, na waya wako wa video ndio utakaoufikisha kwenye monita ya nje na kwa anayeishika. Chomoa plagi, acha swichi ikiwa imewashwa, pima upinzani kati ya ardhi ya ishara na kila moja ya pini mbili za umeme. Mita ikionyesha njia yoyote, usiendelee. Kumbuka pia kwamba tyubu hubaki na chaji ya maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.

Picha ya Pac-Man imesimama wima, kwa hiyo 1084 inalazwa ubavu. Usizibe matundu ya hewa. Rangi zitaota madoa kwa sababu tyubu imegeuka kwenye usumaku wa dunia. Iache ipoe, uiwashe tena, koili yake ya ndani iyasafishe.

Kupima rangi hakuhitaji kifaa, mazimwi ya gemu yenyewe yanatosha. Blinky ni nyekundu tupu. Pinky na Clyde wana nyekundu na kijani zile zile kabisa. Wanachotofautiana ni bluu peke yake, kamili kwa Pinky na kidogo kwa Clyde. Wakianza kufanana, njia ya bluu ndiyo mgonjwa. Halafu tazama kuta: ndani ya ile bluu mna chembe ya nyekundu na ya kijani, biti ndogo kabisa ya kila moja. Kuta zikiwa bluu kavu kwenye 1084 na si kwenye G07, giza limekazwa mno.

Kama huna osiloskopu, azima kabla ya kununua resista. Mita ya kawaida hukupa wastani wa ishara, na wastani hauwezi kukuambia kilele ni volti ngapi.