Insha, Ngano na Mpaka: Suala la Ubunifu wa Mtoto katika Busia na Malaba

Istilahi ya insha imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuumba au kuanzisha kitu. Hata hivyo, katika ofisi za watawala wa Misri ya zama za kati, neno hilohilo lilitaja sanaa ya makarani, na al-Qalqashandi, aliyefariki mwaka 1418, aliikusanyia sanaa hiyo kanuni na mifano ya nyaraka katika juzuu nyingi. Tangu awali, basi, insha imebeba maana mbili zinazovutana: kuumba, na kufuata kielelezo. Shaaban Robert alipotoa Kielezo cha Insha mwaka 1954 hakuukwepa mvutano huo. Jina la kitabu chenyewe linaukiri. Katika shule za msingi za Kenya mvutano huo ulikwisha kwa ushindi wa kielelezo, na athari za ushindi huo huonekana waziwazi zaidi mahali kama Busia na Malaba, ambako mtoto ana mengi ya kusema na sababu nyingi za kutoyasema.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023. Maswali yake yalikuwa ya kuchagua jibu miongoni mwa majibu manne, isipokuwa katika insha ya Kiswahili na ile ya Kiingereza. Baada ya miaka minane ya masomo, mtoto alipewa dakika 40 na alama 40 za kusema neno lake mwenyewe kwa Kiswahili. Kinachojulikana na kila mwalimu ni jinsi dakika hizo zilivyotumiwa. Jua lilichomoza, umande ukameta, ndege wakaimba mitini, mhusika akaamka akiwa buheri wa afya. Ajali ilipotokea, ilitokea ghafla bin vuu. Kisha methali ikaja kufunga. Wahakiki wa mtindo huu huwalaumu walimu kwa kukaririsha na wanafunzi kwa uvivu wa kufikiri. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ni nyepesi mno.

Ichukuliwe methali ipendwayo sana madarasani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi, omo na ngama ni sehemu za chombo cha baharini. Kwa Mswahili wa Lamu au Pemba, methali hii ina harufu ya maji na mwendo wa mwili. Mtoto wa Amagoro, hatua chache kutoka foleni ya malori ya Malaba, huipokea kama sauti tupu. Hata mtoto wa Port Victoria, aliyekulia kando ya ziwa na mitumbwi ya wavuvi, hajapata kuuona upande wa omo. Si kwamba methali za pwani zisifundishwe bara. Lugha haina budi kuwa na urithi. Kasoro ni kwamba methali hupewa alama kwa kuwapo kwake, wala si kwa kazi ifanyayo katika kisa. Vygotsky, katika insha yake ya mwaka 1930 kuhusu ubuni wa utotoni, alishikilia kwamba ubuni hujengwa kwa mali ya tajiriba: kadiri mtu alivyoona na kusikia mengi, ndivyo alivyo na mengi ya kuunganisha upya. Hoja hiyo ikikubaliwa, shule inayomwazima mtoto tajiriba ya jahazi huku ikimnyang'anya ile ya lori imempunguzia mtaji.

Na mtaji upo. Mpaka wenyewe ni wa juzi. Kabla ya mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na hadi leo Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili. Mtoto wa Busia husikia Kikhayo au Kisamia, Kiteso, Kiswahili, Kiingereza na pengine Kiganda, na huweza kuhesabu chenji kwa shilingi za nchi mbili kabla hajajua kugawanya sehemu. Mahali hapa pameizalia lugha maneno. Bodaboda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, lilianza kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kati ya vituo vya forodha vya Busia katika miaka ya 1960 na 1970, kisha likaenea Malaba. Magendo lilishamiri mpakani katika miaka ya utawala wa Idi Amin. Njia za panya ni sitiari kamili: wembamba, giza, wizi mdogo na njaa, yote katika maneno matatu. Waliozoesha sitiari hii hawakuwa wakitafuta alama za mtahini.

Kwa nini basi sitiari hizi haziingii katika insha? Jibu la kawaida ni kwamba hazimo katika orodha ya misemo. Lipo jibu jingine, zito zaidi. Biashara ndogondogo ya kuvuka mpaka ni tegemeo la kaya nyingi za eneo hili, na wengi wa waifanyao ni wanawake. Mtoto akipewa kichwa kama "Siku ambayo sitaisahau", siku yenyewe yaweza kuwa ile mama alipokamatwa na sukari, au ile baba alipotoa kitu kidogo ili aachiliwe. Insha ya shule humtaka aseme kwa nafsi ya kwanza, kwa jina lake, kwa msomaji mmoja asiyemjua, ambaye ni mwajiriwa wa serikali ileile yenye kituo cha forodha. Mtoto huyo si mjinga. Anapokimbilia alfajiri yenye ndege waimbao, anajificha. Tungo za kukariri ni kichaka, na anayemwondolea kichaka hicho bila kumpa kingine amemwacha wazi.

Hapa ndipo ngano inapopaswa kurejeshwa, si kama kumbukumbu ya kale bali kama utanzu unaoweza kuibeba kweli bila kumtaja mwenyewe. Katika ngano za Afrika Mashariki, Sungura mdogo humpita mnyama mkubwa mlinzi wa kisima kwa hila, na hadhira hucheka ikijua vyema ni nani anayesemwa. Mtoto wa Malaba akiruhusiwa kumpeleka Sungura mtoni na gunia kichwani, na kumweka Fisi langoni akidai karatasi, ataandika siku ile isiyosahaulika, na mama yake hataguswa. Itasemwa kwamba ngano nayo imejaa fomula: mianzo ileile, miisho ileile. Ni kweli. Lakini Albert Lord, katika utafiti wake wa mwaka 1960 juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba fomula ni chombo cha kutungia papo hapo. Fomula ya fanani huishi kwa sababu kuna masikio mbele yake. Ndugu mdogo hudakia, shangazi husahihisha, na aliyesimulia kisa kilekile jana hulazimika leo kukigeuza la sivyo ataambiwa akalale. Katika chumba cha mtihani hakuna anayedakia.

Kwa hiyo nyumba ambayo watoto bado wanasimuliana jioni, hata kama ni nyumba isiyo na kitabu, ina jambo ambalo shule hailitoi. Haifai kulitia chumvi jambo hili: umeme, simu na uchovu wa wazazi wanaorudi usiku vimepunguza jioni za namna hiyo. Shule, kwa upande wake, imeipokea fasihi simulizi kwa njia ya ajabu. Mjadala ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968 na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba uliirudisha katika kitovu cha masomo, lakini sekondari imeifanya zaidi kuwa somo la kuorodhesha sifa na dhima. Mwanafunzi hutaja dhima tano za ngano bila kutakiwa kutamba hata ngano moja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaitaja ubunifu miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi. Kuutaja si vigumu.

Tatizo la kiufundi linalobaki ni la lugha. Ngano nyingi za eneo hili zina wimbo ndani yake, na wimbo huo ndio mfupa wa kisa. Ndio uimbwao na wote. Mtoto asimuliaye kwa Kiteso hadi gredi ya tatu, kisha akatakiwa kuiandika ngano ileile kwa Kiswahili sanifu, huukata wimbo kwa sababu hautafsiriki, na kisa huanguka. Waandishi wa riwaya za Kiswahili wamekuwa wakiingiza nyimbo za lugha nyingine katika kazi zao. Msahihishaji wa Busia anayekutana na mistari miwili ya Kiteso katikati ya insha safi ya Kiswahili huipigia mstari mwekundu, na hakuna mwongozo wa usahihishaji unaomwambia afanye vingine.