Chuma, Plastiki na Kuyeyuka: Istilahi Tatu za Upasuaji wa Goti

Ligamenti ya msalaba ya mbele ikikatika gotini, daktari mpasuaji hutwaa kano ya mgonjwa mwenyewe, aghalabu ya paja au ya chini ya pia ya goti, akaipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Parafujo, au skrubu kama wengi waiitavyo, huibana kano hiyo tunduni mpaka ishikamane na mfupa. Zitumikazo sana ni za titani, za polima ya asidi ya laktiki, na za polima ngumu iitwayo PEEK. Hatuna ugomvi na vitu hivyo. Ugomvi wetu ni na maneno "ya chuma", "ya plastiki" na "ya kuyeyuka".

Kwanza, titani ni metali lakini si chuma. Asikiaye "chuma" ataiogopa mashine ya MRI, ifanyayo kazi kwa sumaku. Kumbe titani haivutwi na sumaku kama chuma, ila hutia dosari picha za mahali ilipo.

Pili, "plastiki" lachanganya polima mbili zenye hatima mbalimbali: PEEK hubaki mwilini, ile ya asidi ya laktiki huondoka.

Tatu, sukari huyeyuka katika chai mara moja. Polima hii huvunjwavunjwa polepole na maji ya mwili ikarudi kuwa asidi ya laktiki, kisha maji na hewa ya ukaa. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka. Katika muda huo goti laweza kuvimba au tundu kupanuka, na parafujo yenyewe yaweza kuvunjika inapokazwa. Aliyeambiwa "itayeyuka" hakuambiwa hayo.

Wapo watakaosema kwamba nguvu za goti baadaye hazitofautiani sana, basi ubishi wa nini? Kwa sababu hiyo hasa! Matokeo yakikaribiana, uamuzi wa mgonjwa hutegemea picha, upasuaji wa pili ukihitajika, na kitakachosalia mwilini. Na hayo huyapata katika maneno tu.

Twapendekeza basi: parafujo ya titani, parafujo ya kufyonzwa, na parafujo ya polima ya kudumu. Twakiri kwamba "kufyonzwa" halitaji muda; hilo daktari hana budi kuliongeza kwa kinywa chake. Mwenye istilahi bora na ailete.