Kingo za Mulongwe: tunahesabu miche, hatuhesabu nafasi



Leo nataka tukosoe kazi moja ambayo watu hawapendi kuikosoa, juu inaonekana nzuri: kazi ya kutengeneza kingo za mito yetu hapa Uvira. Projeti zinakuja, zinaisha, nyingine zinakuja. Kila mara tunaona banderoli, triko za rangi moja, mkubwa fulani ameshika mche mkononi, na picha zinafika kwenye simu zetu kabla jua halijazama. Ripoti inasema miche mingapi imepandwa na gabioni zimejengwa kwa mita ngapi. Mimi nauliza swali lingine: mto umepewa nafasi kiasi gani? Swali hilo sijaona likijibiwa katika ripoti hata moja niliyopata kusoma, na ninaona njo swali lenyewe.

Swali si la darasani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 17/04/2020, Mulongwe ilitoka njiani. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika, madaraja yaliguswa, na mitambo ya Regideso, ambayo inachota maji katika mto huohuo, iliumia. Katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuaga kabisa, bomba likinyamaza siku chache tu, ugonjwa unaanza kupita nyumba kwa nyumba. Miaka mitatu baadaye, tarehe 04/05/2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe zilifunikwa na maji na matope, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kwa hiyo mtu akiniambia kukosoa projeti za mito ni kuvunja moyo wa wanaofanya kazi, ninamuomba akumbuke kwanza hesabu hiyo.

Tuanze na mto wenyewe. Mulongwe haifanani na Lualaba. Ni mto mfupi na mkali. Unashuka kutoka milima ya Mitumba, inayopita mita 2000 juu ya bahari, mpaka ziwa lililo karibu mita 770, na mteremko huo wote unaisha ndani ya kilometa chache. Maji yakifika chini kwenye tambarare yanapoteza mbio, na mawe na mchanga yaliyobeba yanabaki hapo. Sakafu ya mto inapanda pole pole, halafu siku ya mvua kubwa mto unatafuta njia nyingine, mara kulia, mara kushoto. Umefanya hivyo tangu zamani sana. Tambarare tunayoikalia Uvira imejengwa na mzigo huo wa Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na wadogo zao. Tunaposema mto uliingia katika kartie, tuseme pia kwamba kartie ilitangulia kuingia katika mto.

Sasa tuangalie dawa tatu ambazo tunazipigia makofi.

Ya kwanza ni kuchimbua mto. Katapila inaingia, inatoa mawe na mchanga, watu wanashangilia. Chini ya daraja kazi hiyo ni ya lazima, sikatai. Daraja likizibwa, maji yanapita juu ya barabara. Lakini mara nyingi mzigo unaotolewa unarundikwa palepale ukingoni, bila kufungwa na kitu. Mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Tena, mto uliochimbwa sana sehemu moja unaanza kujila wenyewe: maji yanakwenda mbio zaidi, yanachimba chini ya kingo na chini ya nguzo za daraja lilelile tulilotaka kuliokoa. Na kuna watu ambao kila siku wanatoa mawe na mchanga katika mito yetu kwa mikono: bamama wanaopasua mawe juani, vijana wanaojaza mchanga kwenye magari. Wale ndio wachimbuaji wa kweli, wanafanya kazi hiyo mwaka mzima bila bajeti. Kama tungepanga pamoja nao wachimbe wapi, waache wapi, wasiguse wapi, wangeusaidia mji na wangekula. Leo wanatajwa katika ripoti kama "waharibifu wa mazingira", basi.

Ya pili ni gabioni, vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Mahali pengine vinafaa: kulinda barabara, kulinda bomba kubwa, kulinda mguu wa daraja. Lakini ukuta haupunguzi maji, unayasukuma tu. Ukifunga ukingo wa kushoto, nguvu inahamia kulia. Ukifunga pande zote mbili, mto unakuwa mfereji, na watu wa chini, karibu na ziwa, wanapokea kwa mara moja maji ambayo zamani yalitawanyika na kuchelewa njiani. Ubaya mwingine ni huu: gabioni inawapa watu moyo. Ukuta ukisimama, parseli nyuma yake inapanda bei, nyumba mpya zinaota. Siku waya utakapokatika kwa kutu au kwa kupigwa na mawe makubwa, nyuma yake patakuwa na watu wengi kuliko zamani.

Ya tatu ni miti. Hapa njo watu watanikasirikia. Mti ni kitu kizuri, lakini kuna mti gani, wapi, na nani ataulinda. Mikaratusi inakua haraka, inatoa nguzo na kuni, njo maana watu wanaipenda, na wana haki. Lakini inakunywa maji mengi, na chini yake mara nyingi majani hayaoti vizuri, udongo unabaki wazi, na mvua inaosha udongo ulio wazi. Halafu tunapanda chini, kwenye barabara ambapo gari la wageni linafika, wakati mzigo unatoka juu, kwenye miteremko iliyolimwa bila matuta na mahali miti imekatwa kwa kuchoma makala. Na mche ukishapandwa, wiki ya pili mbuzi amepita. Ripoti ilihesabu siku ya kupanda. Nani anarudi baada ya misimu miwili ya mvua kuhesabu iliyobaki hai?

Ukitazama vizuri, dawa zote tatu zina ugonjwa mmoja. Zinaona ukingo kama mstari: upande huu maji, upande huu watu. Ukingo hauko mstari. Ni mahali penye upana, pana maji leo na pakavu kesho. Panahitaji mikuyu yenye mizizi mizito, panahitaji majani, panahitaji matete na mafunjo kule chini ambako mto unakutana na ziwa. Matete ukiyaangalia unaona kama fujo tu. Lakini yanayapunguzia maji mbio, yanashika matope yasiende yote ziwani, na samaki wadogo wanajificha humo mpaka wakomae. Kambale anajua matete kuliko sisi na diploma zetu.

Nenda uone delta ya Ruzizi. Upande wa Burundi sehemu yake ni hifadhi ya taifa, na tangu 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani duniani. Kongo nayo iko ndani ya mkataba huo tangu 1996. Lakini kwetu, mtu akikata matete na kumwaga udongo tunasema "amefungua kiwanja", kama vile pale hapakuwa na kitu. Wengine wananijibu: matete ni makao ya mbu na viboko. Ni kweli, na kiboko haiko mchezo, anaua watu hapa kwetu. Ila tukimwondolea kichaka chake na malisho yake, hahami kwenda Ulaya. Anatafuta majani katika mashamba yetu na usiku anapita katika avenyi.

Na ziwa lenyewe lina mwendo wake. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Wazee wanakumbuka lilivyopanda miaka ya 1960. Likashuka, tukasahau, tukajenga. Mwaka 2024 likapanda tena, na watu wa kandokando wakaona maji ndani ya saluni zao. Ardhi iliyokaa kavu miaka arobaini bado inaweza kuwa ya ziwa.

Sasa tufike mahali panapouma: parseli. Sheria ya misitu ya 2002 inakataza kukata miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Tuna sheria ya mazingira ya 2011, tuna sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015. Karatasi hazikosekani. Lakini pita kando ya Mulongwe uhesabu mita 50 kwa miguu yako: utapita katika jikoni za watu, kanisani, darasani. Mama mmoja anayekaa pale aliniambia: "Mwanangu, miye niko na karatasi. Ofisi ilipokea franga, ikapiga muhuri. Leo banakuja kuniambia hapa haiko mahali pa kukaa mutu. Basi njo niende wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na projeti nyingi zinakwepa swali lake. Inakuwa rahisi kupanda mti mbele ya nyumba yake kuliko kumtafutia nyumba nyingine.

Kumfukuza bila kumlipa ni dhuluma, juu yeye hakuiba: aliuziwa. Kumwacha pale ni kumwandikia kifo kwa polepole. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ngumu: kupima kwanza ni nyumba zipi ziko katika njia kabisa ya mto, kusimamisha leo hii uuzaji wa viwanja vipya humo, kutafuta ardhi salama isiyo mbali na soko na ziwa, na kuhamisha watu kwa zamu, wale wa hatari zaidi kwanza. Tumeona watu walioondolewa mtoni na kupelekwa mbali wakirudi palepale. Hawarudi kwa ujinga. Wanarudi juu kule hakuna maji, hakuna kazi, na mtumbwi wa ndagala haufiki mlimani.

Najua kutaja Rwanda siku hizi kunachoma roho za wengi, na sababu tunaijua. Lakini msomi anajifunza hata kwa jirani aliyekosana naye. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa nchi hiyo, kililimwa na kukaushwa kwa mifereji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yalipungua katika maziwa ya chini, na umeme wa kituo cha Ntaruka ukashuka vibaya. Mvua chache na matunzo mabaya ya mitambo vilichangia pia. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi, mimea ikarudi, maji yakarudi. Hilo linafundisha kwamba kinamasi kikiachiwa nafasi kinaweza kupona ndani ya miaka michache. Linafundisha na jambo la pili, ambalo wanaolisifu wanalisahau: wakulima waliotolewa ndio walilipa bei, wakapoteza mashamba. Tukiiga la kwanza bila kurekebisha la pili, tutarudia dhuluma kwa lugha nzuri ya mazingira.

Na sisi je? Memwari na TFC zetu juu ya mito hii ni nyingi. Nimezisoma kadhaa, na mwisho wake unafanana kama mapacha: kwa Leta, itumie sheria; kwa wakaaji, waache kujenga kandokando; kwa mashirika, yahamasishe. Mtu mwenye maji magotini hahitaji kuhamasishwa kwamba maji ni hatari. Anahitaji ramani inayosema mto ulipita wapi miaka ile wazee wanayoikumbuka. Anahitaji mtu wa sheria amwambie muhuri wake una nguvu gani mbele ya mahakama. Anahitaji mtu wa uchumi apige hesabu: kuhamisha nyumba kadhaa ni bei gani, na kujenga gabioni upya kila baada ya mafuriko ni bei gani. Kazi hizo tatu zinawezekana kwa daftari, simu yenye GPS na miguu miwili. Hazingoji mfadhili.

Kwa hiyo, projeti nyingine ikija na banderoli yake, mimi napendekeza tuiulize mambo manne. Itaupa mto upana wa mita ngapi, wapi? Mzigo unaotoka milimani itaupunguzaje, na pamoja na wakulima gani wa juu? Ni nani atarudi kuhesabu miche na kuangalia kingo baada ya misimu miwili? Na wale wanaokaa ndani ya hizo mita, watalala wapi? Wakijibu vizuri, twende wote tukapande, hata mimi nitabeba jembe. Wakikosa jibu la swali la nne, picha wapige wenyewe.

Nangojea maoni yenu, zaidi ninyi mnaokaa Kavimvira, Kalimabenge na kando ya ziwa. Kwenu ukingo ulikuwa wapi mlipokuwa watoto, na leo uko wapi? Andikeni, tuweke pamoja. Ramani ile inaweza kuanzia hapo.