Simba Mwenye Jina, Mji Usio na Watu: Usawiri wa Isiolo katika *Born Free* ya Joy Adamson

Utangulizi

Kitabu cha Joy Adamson kiitwacho *Born Free* kilichapishwa London mwaka wa 1960. Kimesomwa na mamilioni ya watu, kikafasiriwa katika lugha nyingi na kutengenezewa filamu mwaka wa 1966. Wasomaji hao wamezoea kukiweka katika rafu ya vitabu vya wanyama, kwa kuwa kinasimulia malezi ya Elsa, simba jike aliyekuzwa na binadamu kisha akarudishwa porini. Makala haya yanakisoma kitabu hicho kwa namna nyingine, yaani kama masimulizi ya mhamiaji kuhusu maisha ya kila siku katika nchi aliyoichagua iwe kwao. Hoja kuu ni kwamba Joy Adamson alifaulu kujenga maskani ya kifasihi mjini Isiolo kwa kumfanya simba kuwa jirani mwenye jina, tabia na historia, ilhali majirani wa kibinadamu waligeuzwa kuwa sehemu ya mandhari. Kufaulu huko na kushindwa huko havitenganiki, na hapo ndipo penye thamani ya kitabu kwa mhakiki.

Mwandishi alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Himaya hiyo ilisambaratika mwaka wa 1918, na mji huo sasa unaitwa Opava katika Jamhuri ya Cheki. Joy aliwasili Kenya mwaka wa 1937, na mwaka wa 1944 akaolewa na George Adamson, ofisa wa wanyamapori wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, ambaye naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa India. Makao yao yakawa karibu na Isiolo. Basi huyu si mlowezi wa kawaida aliyeacha nchi yake nyuma ikimngoja. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imefutika katika ramani kabla hajafikisha umri wa miaka kumi. Haja yake ya kupata mahali pa kuita kwao ilikuwa haja ya kweli, na msomaji anayeipuuza hawezi kukitendea haki kitabu chake.

Mji wa watu thelathini

Mwanzoni mwa kitabu msimulizi anaeleza mahali anapoishi. Jimbo ni pana, kame, na limejaa vichaka vya miiba. Isiolo ni mji mdogo wenye Wazungu wapatao thelathini, wote wakiwa watumishi wa serikali. Anaongeza kwamba ustaarabu haujagusa sana pande hizo, kwamba hakuna walowezi, na kwamba wenyeji wanaishi kama walivyoishi babu zao. Maelezo haya ni mafupi, tena yametolewa kwa sauti tulivu ya mtu anayetaja hali ya hewa. Hata hivyo ndiyo yanayoweka misingi ya mandhari yote ya kitabu, na kila kimojawapo kinahitaji kuhojiwa.

Kwanza ni suala la hesabu. Mji unapimwa kwa idadi ya Wazungu. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru waliokutana Isiolo kwa biashara ya mifugo na kwa kazi za serikali hawaingii katika hesabu hiyo.

Pili ni dai la kwamba wenyeji waliishi kama babu zao. Historia ya Isiolo inalikanusha. Mji huu ulikua kutokana na uhamiaji. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari Wasomali wa ukoo wa Isaaq, waliotoka Somalia ya Waingereza na kulitumikia jeshi la mkoloni, walipewa mahali pa kukaa Isiolo. Waborana wengi walifika pande hizo kutoka Wajir katika miaka ya 1930. Katika miaka hiyohiyo Waisaaq walipigania hadhi yao mbele ya sheria, hata wakadai kulipa kodi ya juu ya Waasia badala ya ile ya chini ya Waafrika, ili wasihesabiwe kuwa wenyeji. Watu hawa walikuwa wakibishana na serikali kuhusu maana ya kuwa mgeni na maana ya kuwa mwenyeji.

Hapa pana kejeli ambayo mwandishi hakuikusudia. Anaposema hakuna walowezi, anawasahau wahamiaji waliomzunguka, na anajisahau yeye mwenyewe. Somo ambalo lingeweza kumuunganisha na jirani yake Msomali, yaani kuishi ugenini na kulea watoto mbali na makaburi ya wazazi, linapita bila kuguswa.

Suala la majina

Kisa chenyewe kinaanza na kifo. Mborana mmoja ameuawa na simba mla watu, na George Adamson anatumwa kumsaka mnyama huyo. Katika msako huo, tarehe 1 Februari 1956, anampiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha anagundua kwamba alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Bila Mborana yule kuuawa pasingekuwa na msako, na bila msako pasingekuwa na Elsa. Kwa mtazamo wa muundo wa msuko, marehemu huyo ndiye chanzo cha matukio yote. Lakini hatajwi jina wala hatuelezwi aliacha nani nyumbani, na akishatimiza kazi yake katika msuko anatoweka. Watoto wa simba, kwa upande wao, wanapewa majina mapema. Wa kwanza anaitwa Mkubwa, wa pili Lustica, wa tatu Elsa, na tabia ya kila mmoja inachorwa kwa uangalifu.

Kurasa zinazoeleza malezi yao ni miongoni mwa kurasa bora za kitabu. Wanakataa maziwa ya kopo. Inatafutwa chuchu ya mpira na mafuta ya samaki kutoka soko la mbali. Mkuu wa Wilaya huko Isiolo anapelekewa ujumbe wa mzaha kwamba kuna watoto wa kifalme njiani na wanahitaji nyumba ya mbao. Pimbi wa nyumbani aitwaye Pati-Pati anageuka kuwa mlezi wao. Mambo madogo ya nyumba na jiko yanasimuliwa kwa ucheshi na kwa jicho kali. Baadaye Elsa anawatimua punda wa mizigo, anapanda juu ya paa la Land Rover, na anadai kitanda cha watu. Msomaji anamjua Elsa kama anavyomjua mtoto wa jirani.

Ni haki kukiri kwamba Waafrika wawili wana majina katika simulizi hii. Nuru, mtunza bustani, anakabidhiwa watoto wa simba na kuwatunza kila siku. Makedde, askari wa wanyamapori wa Kiturkana, anafuatana na Elsa katika safari nyingi. Hata hivyo wanaonekana kupitia kazi yao kwa simba tu. Haijulikani Nuru alirudi wapi jioni, wala aliwasimulia nini watu wa mjini kuhusu kazi yake hiyo ya ajabu. Ni wahusika bapa, si kwa sababu maisha yao yalikuwa bapa, bali kwa sababu msimulizi wa nafsi ya kwanza hakuwauliza.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mawasiliano kati ya Wazungu na wafanyakazi wao, lakini kitabuni yamebaki mabaki yake tu. Mfano mmoja ni neno *toto*, walilotumia walowezi kumwita msaidizi wa jikoni. Kwa Mswahili neno hilo ni *mtoto* aliyenyang'anywa kiambishi chake cha ngeli ya watu. Haidhaniwi kwamba mwandishi aliyafikiria hayo. Alilipokea neno kama lilivyozoeleka. Lakini mazoea ya lugha ndiyo mahali itikadi inapojificha vizuri zaidi.

Uhuru wa nani?

Kichwa cha kitabu kinatangaza kiumbe aliyezaliwa huru. Dhamira ya uhuru inafuatiliwa kwa uaminifu: ndugu wawili wa Elsa wanapelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, naye Elsa anabaki, na swali la kama atafungiwa au ataachiwa ndilo linaloisukuma nusu ya pili ya simulizi. Mateso ya mwandishi anapomwacha porini, akirudi na kumkuta amedhoofika kwa njaa, yanaandikwa bila kujipamba.

Lakini uhuru huo unasimuliwa katika eneo ambalo tangu mwaka wa 1926 lilikuwa limefungwa kwa sheria. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka katika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini bila kibali, na sheria ya mwaka wa 1934 iliwapa maofisa mamlaka ya kuamua kila kabila lichunge wapi. Mfugaji aliyevuka mpaka wa malisho wakati wa kiangazi alikuwa mkosaji. Aliyewinda bila leseni alikuwa jangili, nao wanyama walipigwa risasi na ofisa wa serikali ili Elsa apate kula. Mwandishi anazunguka kwa Land Rover kutoka Isiolo hadi Ziwa Rudolf, liitwalo sasa Turkana, akitafakari haki ya simba ya kutembea apendapo. Swali la nani mwingine katika nchi hiyo alinyimwa haki hiyo halizuki hata mara moja. Miaka mitatu baada ya kitabu kutoka, swali hilo lilizuka kwa bunduki katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na mifugo na watu wa Isiolo wakalipa gharama kubwa.

Huenda ikadaiwa kwamba si haki kukidai kitabu cha simba kitoe habari za watu. Dai hilo lina uzito, kwani kila mwandishi ana haki ya kuchagua somo lake. Jibu ni kwamba mwandishi mwenyewe ndiye aliyechagua kuwaeleza wasomaji wa mbali Isiolo ni mji gani na wakazi wake ni akina nani. Aidha, hakukosa uwezo wa kuwatazama watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alichora kwa ajili ya serikali mamia ya picha za watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao, na mwaka wa 1967 akatoa kitabu kiitwacho *The Peoples of Kenya*. Picha hizo ni za ustadi, lakini zinaonyesha tofauti ileile: mtu anachorwa kama kielelezo cha kabila lake, ilhali simba anaandikwa kama nafsi.

Simba kama kioo cha mhamiaji

Kwa nini basi kitabu kinaendelea kugusa mioyo? Elsa ni kiumbe aliyekulia katika nyumba ya kigeni ndani ya nchi yake mwenyewe. Hajui kuwinda, anaogopwa na simba wenzake, na inabidi afundishwe kuwa mwenyeji. Msimulizi ni kinyume chake: mgeni anayetaka kukubaliwa na nchi. Kila mmoja anasimama mlangoni pa mwenzake. Elsa anaporudi kambini kwa hiari yake kuwasalimu waliomlea, mwandishi anaupata uthibitisho aliokuwa akiutafuta, kwamba nchi hii inamjua. Huo ndio usomaji unaokitoa kitabu katika rafu ya wanyama. Ni istiara ya uhamiaji iliyoandikwa na mtu ambaye hakujua kwamba anajiandika.

Udhaifu wa istiara hiyo ni kwamba uthibitisho unaotoka kwa simba haudai lolote. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe katika methali hiyo ni zaidi ya kazi. Ni kuingizwa katika hesabu ya nyumba, pamoja na madeni na lawama zake. Simba hampi mtu jembe.

Hitimisho

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, humo humo wilayani Isiolo, alipokuwa akimlea chui aitwaye Penny. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba. Baadaye ilibainika kuwa aliuawa na binadamu, na mtu aliyewahi kuwa kibarua wake akatiwa hatiani. Kifo hicho ni msiba, na uhakiki hauna kibali cha kukigeuza kuwa adhabu ya kifasihi. Kinachohusu uhakiki ni zile habari za kwanza. Ulimwengu uliamini mara moja kwamba ni simba, kwa sababu katika Isiolo waliyoijua wasomaji wa *Born Free*, simba ndiye mwenyeji pekee aliyewahi kutambulishwa kwao.

Kitabu hiki kinastahili kusomwa katika madarasa ya fasihi ya Afrika Mashariki, kikisomwa sambamba na masimulizi ya wazee wa Kiborana, Kisomali na Kiturkana kuhusu miaka ileile ya 1950. Wanafunzi wanaokwenda Isiolo kukusanya fasihi simulizi wangefanya vyema kuanzia pale kitabu kinapoanzia, kwa kuuliza jina la yule Mborana aliyeuawa na simba kabla ya Februari 1956, na jinsi watu wake walivyokisimulia kifo chake.