Mtoto Asiye Kwenye Rejista

Wengi husoma Tess of the d'Urbervilles (1891) kama hadithi ya msichana aliyeharibiwa na mwanamume. Mimi naisoma kama hadithi ya rejista. Thomas Hardy anaanza na kasisi mpenda historia anayemwambia mzee Durbeyfield, mchuuzi maskini wa kijijini, eti yeye ni wa ukoo wa mabwana wa kale. Mzee analewa sifa, na balaa linaanza.

Sasa jaribu kuwafuatilia hawa watu kwenye makaratasi. Parokia za Uingereza ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Serikali ikaanza kusajili vizazi na vifo 1837. Unadhani kila mtu yumo, si ndiyo? Lakini kanisa liliandika ubatizo, na Tess anambatiza mwanawe mwenyewe, usiku, nyumbani, akimwita Sorrow, yaani Huzuni. Kasisi anamnyima maziko ya Kikristo. Mabwana wana makaburi ya mawe. Sorrow ana vijiti viwili vilivyofungwa kwa uzi.

Hardy anasema pia kwamba uzuri wa Tess ulitoka kwa mama, upande usio na historia. Hapo hakuwa anatunga. Vyeti vya ndoa vya England na Wales vilitaja baba pekee hadi 2021.

Kwa hivyo ukichimba ukoo wa mashambani kule, utampata Durbeyfield haraka. Tess na mwanawe utawatafuta sana.