Mikono Iliyoijenga Corvette

Corvette ya kwanza ilitoka karakana ya Chevrolet mjini Flint, jimbo la Michigan, tarehe 30 Juni 1953. Mwaka ule yalitengenezwa magari 300 tu, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mikono.

Bodi yake haikuwa ya bati. Kukandamiza bati kunahitaji kalibu za chuma ambazo ni ghali na huchukua muda kuchongwa, ilhali gari lilikwisha onyeshwa New York mwezi Januari na watu walikuwa wakilisubiri. Ikachaguliwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ambayo mafundi wa boti waliijua tayari.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Vipande 46 viligandishwa kimoja baada ya kingine, viungo vikajazwa na kupigwa msasa mpaka mkono ukipita usihisi mshono. Bati likibonyea hurudishwa kwa nyundo, faiba hupasuka. Fundi aliyekulia kwenye bati alianza kujifunza upya. Hata umeme ulikuja na masharti yake: bodi ya bati hurudisha umeme kwenye betri, ya faiba hairudishi, basi kila taa ikahitaji waya wake wa ethi. Lakini kwa kuwa faiba haizuii mawimbi ya redio, antena ilifichwa ndani ya mfuniko wa buti. Hakuna ufumbuzi mzuri kuliko huo katika gari lile zima.

Mwendo haukulingana na sura. Injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150 ilifungiwa giaboksi ya otomatiki ya gia mbili, wanunuzi wakawa wachache, na mwaka 1955 yalitengenezwa magari 700 tu. Aliyelipa moyo ni Zora Arkus-Duntov, mhandisi mzaliwa wa Brussels, aliyeliona kwenye maonyesho ya New York akapenda umbo lake, akaajiriwa na General Motors mwaka huohuo wa 1953. Mwaka 1955 ikaja injini ya V8. Mwaka 1957 ile ya lita 4.6, bila kabureta, ikafikia nguvu za farasi 283.

Corvette ya 1963, iliyoitwa Sting Ray, ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa na mwimo katikati. Bill Mitchell, mkuu wa usanifu, aliung'ang'ania. Duntov aliupinga kwa sababu ulimziba dereva asione nyuma. Mwaka 1964 ukaondolewa. Duntov alikuwa na haki, ingawa leo wakusanyaji huutafuta mwimo huo kuliko kitu kingine.

Faiba haili kutu. Chini yake, hata hivyo, Sting Ray ina fremu ya chuma inayozunguka chumba cha abiria, nayo huoza kimyakimya. Anayetaka kuinunua asidanganywe na rangi: aanze kukagua fremu hiyo.