Saketi Kwenye Kishikwambi: Uchambuzi wa Mafunzo ya Walimu Kuhusu Zana Huria za Mtandaoni

Mafunzo ya kuwawezesha walimu kutumia zana za bure za mtandaoni hayana kipimo kingine cha kweli isipokuwa kile kipindi cha dakika 40 ambacho mwalimu hufundisha baada ya wawezeshaji kuondoka, akiwa peke yake mbele ya darasa lililojaa, pengine na projekta moja ya kuazima na umeme unaokatika wakati wowote. Warsha nyingi hazipangwi kwa kukitazama kipindi hicho. Hupangwa kwa kuzifuata zana zenyewe: asubuhi walimu hufungua akaunti, mchana hupitishwa programu moja baada ya nyingine, jioni hupewa vyeti, na kila mmoja hurudi kituoni kwake akijua mahali pa kubonyeza, ila hajui ni mada ipi katika azimio lake la kazi inayoihitaji zana hiyo. Uchambuzi huu unatetea mpangilio wa kinyume, yaani mafunzo yanayoanzia kwenye dhana inayowakwamisha wanafunzi kila mwaka, yakaitafutia zana inayoifungua, kisha yakampa mwalimu nafasi ya kuifundisha mbele ya wenzake kabla hajaingia nayo darasani.

Msingi wa kinadharia wa mpangilio huo umekuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kuwa mwalimu anahitaji aina ya maarifa ambayo mjuzi wa fani peke yake hana, nayo ni maarifa ya namna ya kufundisha mada mahususi: mifano inayoifafanua, maswali yanayofichua kutoelewa, na mahali ambapo wanafunzi hupotoka. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler, waliokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, waliingiza teknolojia katika maelezo hayo, wakionyesha kwamba maarifa ya maudhui, ya ufundishaji na ya teknolojia hufaa pale yanapofumwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu aliyebobea katika fizikia, ambaye pia ni hodari wa kutumia simu yake, anaweza bado kushindwa kuamua ni programu ipi aifungue, aifungue dakika ya ngapi, na lini aizime ili wanafunzi wafikiri.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu ni wa umeme. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia, hutoa bila malipo programu za uigaji, yaani programu zinazoonyesha kwenye kioo tukio la kisayansi ambalo mtumiaji anaweza kulibadilisha na kuona matokeo papo hapo. Mojawapo ni ya kujenga saketi: mwanafunzi huburuta kwa kidole betri, nyaya, balbu, swichi na ammita, ambayo ni kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, akaviunganisha apendavyo bila hofu ya kuunguza kitu. Baadhi ya programu hizo zimetafsiriwa kwa Kiswahili, jambo lenye uzito wa pekee kwa shule nyingi za msingi za Tanzania ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia.

Dhana inayosumbua katika mada hii inafahamika kwa kila mwalimu wa fizikia. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu hula umeme, hivyo balbu ya kwanza katika saketi ya mfuatano hupata mkondo mwingi na ya pili huambulia mabaki. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni ya Ohm, akakokotoa bila kosa, na imani hiyo ikabaki palepale. Mafunzo yaliyopangwa vizuri huanza kwa kuwataka walimu waandike majibu wanayoyakuta katika madaftari ya wanafunzi wao, na vishikwambi havifunguliwi mpaka majibu hayo yawe ubaoni. Kisha hujengwa saketi yenye betri ya volti 9 na balbu mbili za ukinzani wa omu 10 kila moja, zilizounganishwa kwa mfuatano, na ammita huwekwa kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu hizo, na baada ya balbu ya pili. Kabla ya swichi kufungwa, kila mshiriki huandika balbu gani itawaka zaidi na kila ammita itasoma kiasi gani, pamoja na sababu.

Utaratibu huo, unaoweza kuitwa tabiri, tazama, eleza, ulifafanuliwa na Richard White na Richard Gunstone katika kitabu chao cha mwaka 1992, na nguvu yake yote imo katika utabiri ulioandikwa. Swichi inapofungwa, balbu zote mbili huwaka sawa na ammita zote tatu husoma ampea 0.45. Balbu moja ikiondolewa na waya kuunganishwa mahali pake, usomaji hupanda hadi ampea 0.9, na hapo huibuka kosa la pili ambalo halikuwa likionekana: dhana kwamba betri hutoa mkondo uleule daima, bila kujali kilichounganishwa nayo. Mwalimu anayebonyeza swichi mapema, kwa shauku ya kuonyesha uzuri wa programu, huwapa wanafunzi jibu la swali ambalo bado hawajajiuliza. Ustadi wa kusubiri namna hiyo haupatikani kwa kusoma mwongozo. Hupatikana kwa kurudia zoezi mbele ya watu wanaoweza kumwambia mwalimu kwamba amewahi mno.

Mafunzo yanapaswa pia kumweleza mwalimu mipaka ya zana. Katika uigaji uliopangwa hivyo, balbu ina ukinzani usiobadilika, ilhali uzi wa balbu halisi ya tochi huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto. Kwa sababu hiyo, balbu mbili halisi zilizowekwa kwa mfuatano, ambazo huwaka hafifu na kuwa na joto pungufu, hupitisha mkondo unaozidi nusu ya ule uliopitishwa na balbu moja. Mwalimu ambaye hakuelezwa hili atapima kwa vifaa halisi, aone ammita haisomi nusu kamili, na ama aishuku programu ama awashuku wanafunzi wake. Aliyeelezwa ataifanya tofauti hiyo kuwa swali la kipindi kinachofuata. Hii ndiyo sababu betri na balbu za dukani zinastahili kubaki mezani hata pale vishikwambi vinapokuwapo, kwani uigaji huonyesha kwa uwazi kile ambacho nyaya halisi huficha, nazo nyaya halisi hukumbusha yale ambayo uigaji umeyarahisisha.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa kujenga mafunzo ya aina hii, hata kama haukuanza na intaneti. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianzisha SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ambao shughuli zake baadaye zilijikita katika kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Walimu walifundishwa kuandaa somo kwa mzunguko wa hatua nne: kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Mzunguko huo unaipokea zana ya mtandaoni bila shida, kwa kuwa huiweka katika hatua ya kupanga, sawa na kifaa kingine chochote cha kufundishia, kisha huihukumu katika hatua ya kutazama kwa yale ambayo wanafunzi wamesema na kuandika.

SMASSE ilitumia mfumo wa ngazi kwa ngazi, ambamo wakufunzi wa taifa huwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao huwafundisha walimu. Mfumo huu huwafikia watu wengi kwa gharama nafuu, ila huwa na udhaifu unaojulikana, kwani kila ngazi hupunguza muda wa mazoezi na kuongeza muda wa maelezo, na katika ngazi ya mwisho mara nyingi hubaki slaidi pekee. Bruce Joyce na Beverly Showers, waliochunguza mafunzo ya walimu kazini nchini Marekani, walieleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba nadharia na maonyesho, yasipofuatwa na mazoezi, mrejesho na usaidizi wa karibu shuleni, hayafiki darasani ipasavyo. Kwa zana za kidijiti hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa tatizo dogo la kiufundi, kama projekta kukataa kutambua kompyuta, linatosha kumfanya mwalimu aliyekuwa na nia njema arudi kwenye chaki kwa mwaka mzima.

Usaidizi huo wa karibu una mahali pake tayari nchini Tanzania. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake cha MEWAKA, umejengwa juu ya jumuiya za kujifunza ndani ya shule, ambamo walimu hukutana kujadili mada zinazowatatiza na kusaidiana kuzifundisha. Vilevile, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Vifaa na vikao vipo, basi. Kinachohitaji kazi ni andalio la somo linalotaja zana, dakika ya kuifungua, swali la utabiri, na njia mbadala endapo umeme utakatika. Karatasi moja ya namna hiyo, iliyojaribiwa na walimu watatu wa shule moja, ina manufaa kuliko orodha ndefu ya tovuti.

Suala la intaneti lina ufumbuzi wa kiufundi unaopaswa kufundishwa siku ya kwanza, kwa maana bando la mwalimu hulipwa kutoka mfukoni mwake. Programu za PhET za kizazi kipya zinaweza kupakuliwa, kila moja ikiwa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao, na faili hilo likaenea shule nzima kwa flashi au kwa Bluetooth. Kwa mahitaji makubwa zaidi ipo Kolibri, mfumo wa bure wa shirika la Learning Equality, ambao huwekwa kwenye kompyuta moja shuleni, ukapakiwa maudhui mahali penye mtandao, kisha vifaa vingine vikaunganishwa nao kwa Wi-Fi ya ndani hata pasipo intaneti kabisa.

Halafu lipo suala la leseni, ambalo warsha huliruka kwa haraka mno. Zana inayotolewa bure na kampuni inaweza kuondolewa na kampuni hiyohiyo: Jamboard ya Google, ubao wa kidijiti uliokuwa umezoeleka katika madarasa mengi, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Zana yenye leseni huria, ambayo humruhusu mtumiaji kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza, hubaki na uhai hata mazingira yake ya kiufundi yanapobadilika, mradi wapo wa kuitunza. Adobe ilipoacha kuihudumia Flash mwishoni mwa mwaka 2020, uigaji wa zamani uliotegemea teknolojia hiyo uliacha kufunguka kwenye vivinjari, lakini PhET ilikuwa imekwisha kuanza kuziandika upya programu zake kwa HTML5, teknolojia inayosomwa na kivinjari chochote cha kisasa. Mwalimu anapochagua zana ya kuijengea mada ya mwaka mzima, maswali mawili ya kuuliza ni kama inaweza kuhifadhiwa shuleni, na kama leseni yake inaruhusu hivyo.

Tathmini ya mafunzo, mwishowe, hufanyika kwenye karatasi na bila kishikwambi. Baada ya kipindi, wanafunzi hupewa mchoro wa betri ileile ikiwa na balbu tatu za omu 10 kwa mfuatano na kutakiwa kuandika usomaji wa ammita kabla ya balbu ya kwanza na baada ya ya tatu, pamoja na sababu ya majibu yao. Jibu sahihi ni ampea 0.3 pande zote mbili, lakini sababu ndiyo inayosomwa kwa makini. Majibu hayo hupelekwa kwenye kikao kinachofuata cha jumuiya ya kujifunza, na ikionekana kwamba wengi wameandika kuwa ammita ya mwisho itasoma pungufu, andalio hurudishwa mezani na swali la utabiri huandikwa upya kabla mada hiyo haijafundishwa katika darasa jingine.